Kuhesabu Mvua Ambayo Haijawahi Kunyesha Hapa

Tarehe 28 Juni 1917, katika mji mdogo wa Bruton, Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kipimamvua cha shule ya Sexey's kilikusanya milimita 242.8 za mvua kwa siku moja. Miaka 7 baadaye, tarehe 18 Agosti 1924, kipimamvua cha Cannington, katika Somerset hiyo hiyo, kikapata milimita 238.8. Tarehe 15 Agosti 1952 zilimwagika milimita 229 kwenye nyanda za juu za Exmoor. Usiku ule maji yaliteremka hadi kijiji cha Lynmouth kilicho kando ya bahari, yakasomba mawe, miti na nyumba, na watu 34 wakafa. Kisha tarehe 18 Julai 1955 ikaja ile ya Martinstown, Dorset: milimita 279 ndani ya siku moja.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kila mita ya mraba ya Martinstown, iwe ni paa, shamba au njia, ilimwagiwa maji ya ndoo 14 za lita 20. Kwa kawaida mwezi mzima wa Julai katika sehemu ile haupati hata robo ya kiasi hicho.

Ukipatazama mahali hapo pote panne kwenye ramani, utaona pamo ndani ya eneo ambalo upana wake hauzidi kilomita 130. Sasa mfikirie mtu wa Martinstown, aliyesoma kipimamvua chake kila asubuhi kwa miaka 40 na kuandika daftarini bila kukosa. Tarehe 17 Julai 1955 mtu huyo angeweza kuapa, tena kwa ushahidi wa maandishi, kwamba mvua ya milimita 200 haipo kijijini kwake. Asingekuwa anasema uongo. Daftari lake lilikuwa sahihi na jibu lake lilikuwa si sahihi. Lakini mtu ambaye angeyaweka madaftari ya mkoa mzima mezani angeona kwamba mvua ya namna hiyo ilikwishakuja mara 3 katika miaka 35, kila mara kijiji kingine, na kwamba hapakuwa na sababu yoyote ya msingi ya Martinstown kusamehewa.

Kujifunza kuuliza mkoa badala ya kuuliza kipimamvua kimoja kulichukua karibu miaka 100, na waliohusika hawakuwa wote watu wa hali ya hewa.

Wa kwanza ni George James Symons. Mwaka 1860 alianza kukusanya taarifa za mvua kutoka kwa watu waliojitolea kote Uingereza: mapadri, madaktari, wakulima, walimu, mabwana wenye bustani. Hakuwalipa. Aliwaandikia barua, akawaelekeza namna ya kuweka kipimamvua mbali na miti na kuta, akawasihi wasome saa ile ile kila siku, na kila mwaka akachapisha matokeo yao. Kifaa chenyewe ni chepesi kukielewa: faneli ya shaba yenye mdomo wa inchi 5, chupa chini yake, na gilasi nyembamba yenye alama. Saa 3 asubuhi unamimina maji ya chupa kwenye gilasi, unasoma, unaandika, unamwaga. Kama hakuna kitu, unaandika sufuri, na sufuri hiyo ina thamani sawa na namba nyingine yoyote. Symons alipofariki mwaka 1900 wasomaji wake walikuwa wamepita 3,000. Ndiyo maana leo tunajua kilichotokea kwenye uwanja wa shule moja ya Bruton mwaka 1917.

Madaftari peke yake, hata hivyo, hayasemi lolote juu ya mvua ambayo bado haijanyesha. Mhandisi anayejenga bwawa hataki kujua tu mvua kubwa kuliko zote zilizopimwa. Anataka kujua ile itakayopita zote hizo, na inaweza kuja mara ngapi. Jibu la swali hilo lilianzia kwenye nyuzi za pamba.

Huko Manchester, katika taasisi ya utafiti wa viwanda vya pamba, alikuwepo mtakwimu kijana aitwaye Leonard Tippett. Kazi yake ilimfikisha kwenye jambo ambalo kila fundi wa nguo analijua: uzi haukatiki mahali penye nguvu ya wastani, hukatika mahali palipo dhaifu kuliko pote. Kwa hiyo ukitaka kujua nguvu ya uzi, wastani haukusaidii. Unahitaji kanuni ya kile kilicho cha mwisho katika kundi, kiwe kidogo kuliko vyote au kikubwa kuliko vyote. Tippett aliungana na Ronald Fisher wa kituo cha kilimo cha Rothamsted, ambaye miaka michache kabla alichunguza jinsi mvua inavyoathiri mavuno ya ngano. Mwaka 1928 wakachapisha pamoja makala fupi. Walionyesha kwamba ukichukua kilele cha kila kundi, makundi yakiwa makubwa, vilele hivyo huelekea kupangika kwa namna 3 tu. Katika namna ya kwanza, uwezekano wa kilele kikubwa mno hupungua haraka sana. Katika ya pili hupungua polepole, kiasi kwamba maajabu hayaishi kutokea. Katika ya tatu kuna kikomo kisichovukika. Mwaka mmoja kabla yao, Mfaransa Maurice Fréchet alikwisha kuifikia hiyo ya pili peke yake, na mwaka 1943 Mrusi Boris Gnedenko akaithibitisha hoja yote kwa ukamilifu.

Namna 3 tu. Kwa anayehesabu mvua, hili ni jambo zito. Humaanisha kwamba hata kama hujui chochote juu ya mawingu ya mkoa wako, siku yenye mvua kubwa kuliko zote ya kila mwaka italazimika kufuata mojawapo ya njia hizo. Kazi iliyobaki ni kujua ipi.

Aliyezitoa hesabu hizi kwenye vitabu vya wanahisabati na kuzitia mikononi mwa wahandisi ni Emil Julius Gumbel, na maisha yake yanastahili kusimuliwa hata kama mvua isingekuwepo. Alizaliwa Munich tarehe 18 Julai 1891, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1914 alijitolea kwenda vitani, na vita vikamgeuza kuwa mpinzani wa vita maisha yake yote. Baada ya vita Ujerumani ilijaa mauaji ya kisiasa. Magazeti yalipiga kelele kila upande, kila chama kikisema wauaji ni wale wengine. Gumbel alifanya kile anachofanya mtakwimu: alikusanya hukumu za mahakama, taarifa za magazeti na maelezo ya mashahidi, akahesabu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1922 alionyesha mauaji 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia na 22 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kushoto, kisha akaweka adhabu kando ya kila moja. Mengi mno ya yale 354 hayakuadhibiwa kabisa, ilhali watu wa kushoto walihukumiwa vikali. Hakuna aliyeweza kuzipinga hesabu zake, basi wakampinga yeye. Mwaka 1932 Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimnyang'anya ruhusa ya kufundisha. Mwaka 1933 Wanazi walimvua uraia, jina lake likiwa kwenye orodha yao ya kwanza kabisa. Alikimbilia Ufaransa, akafanya kazi Lyon, na mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia Ufaransa alikimbia tena, safari hii hadi Marekani.

Lyon iko kando ya mto Rhône, na Gumbel alichunguza mafuriko ya mto huo. Mwaka 1941, akiwa mkimbizi New York, alichapisha makala juu ya muda wa kurudia wa mafuriko. Kutokana na kazi zake, ofisi za wahandisi dunia nzima zilipata karatasi maalumu ya grafu ambayo bado inaitwa kwa jina lake. Namna ya kuitumia ni hii. Chukua daftari la miaka 30. Katika kila mwaka chagua siku moja tu, ile yenye mvua kubwa kuliko zote. Utabaki na namba 30. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha uweke nukta kwenye karatasi kulingana na nafasi ya kila namba. Ile kubwa kuliko zote huwekwa karibu na alama ya miaka 31. Kama mvua yako inafuata ile namna ya kwanza ya Fisher na Tippett, nukta zitajipanga karibu na mstari ulionyooka. Hapo mhandisi huchukua rula, huchora mstari, kisha huuendeleza mbele, kupita nukta ya mwisho, hadi miaka 50, 100 na 200. Sehemu ile ya mstari isiyo na nukta ndiyo mvua ambayo haijawahi kunyesha.

Kabla ya kuendelea, ni lazima tulielewe vizuri neno hili la muda wa kurudia, kwa sababu watu hufa kwa kutolielewa. Kila baada ya mafuriko utasikia redioni kwamba hii ilikuwa mvua ya miaka 100, na msikilizaji anajenga tena palepale bondeni akiamini kwamba yeye na wanawe wamesalimika. Mvua ya miaka 100 ni ile ambayo kila mwaka ina uwezekano wa 1 katika 100 wa kuja au kupitwa. Haina zamu. Inaweza kuja mwaka huu na mwaka ujao. Nyumba itakayokaa miaka 30 ina uwezekano wa asilimia 26 wa kuiona angalau mara moja. Hata ndani ya miaka 100 yenyewe si lazima ije: uwezekano ni asilimia 63. Tena hesabu hizo ni za mahali pamoja. Chukua miji 50 iliyotengana mbali kiasi kwamba dhoruba moja haiwezi kuifikia miwili kwa pamoja: kila mwaka uwezekano kwamba angalau mmoja wao utapata mvua yake ya miaka 100 ni karibu asilimia 40. Nchi yenye eneo kubwa itakuwa na mvua ya miaka 100 mahali fulani karibu kila mwaka, bila muujiza wowote.

Rula ya Gumbel ilikuwa na tatizo moja. Ilichukulia tangu mwanzo kwamba mvua inafuata namna ya kwanza, ile ambayo vilele vikubwa mno hupungua haraka. Nani alisema? Mwaka 1955 mtaalamu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, A. F. Jenkinson, aliziunganisha namna zote 3 katika fomula moja. Fomula yake ina namba 3: ya kwanza inaeleza kiwango cha kawaida, ya pili inaeleza mtawanyiko, na ya tatu inaeleza umbo la mkia, yaani jinsi uwezekano unavyopungua kadiri mvua inavyozidi kuwa kubwa. Huna haja tena ya kuchagua namna kabla ya kuona takwimu. Takwimu zenyewe zinachagua. Makala ilitoka miezi michache tu kabla ya dhoruba ya Martinstown, iliyoanguka siku ile ile Gumbel alipotimiza miaka 64.

Namba ya tatu ya Jenkinson ndiyo iliyouleta mkoa kwenye hesabu. Kwa miaka 30 ya daftari moja, kiwango cha kawaida kinajulikana vizuri, na mtawanyiko unajulikana kiasi. Lakini umbo la mkia haliwezi kujulikana, kwa sababu mkia ni siku zile chache ambazo kituo kimoja huenda hakijaziona kabisa. Ongeza dhoruba moja kubwa, na jibu la miaka 1,000 linaruka mara mbili. Iondoe, linaanguka. Daftari moja halina uzito wa kutosha kubeba swali hilo.

Suluhisho likaja kwa njia ya ujirani. Mwaka 1960 Tate Dalrymple wa shirika la jiolojia la Marekani alieleza utaratibu kwa ajili ya mito, na baadaye ukatumiwa kwenye mvua. Kila kituo kinabaki na kiwango chake chenyewe, maana huwezi kulinganisha mlimani na bondeni moja kwa moja. Kwa hiyo kilele cha kila mwaka kinagawanywa kwa kiwango cha kawaida cha kituo hicho. Kituo cha mlimani ambacho kilele chake cha kawaida ni milimita 80, siku moja kikapata 160, kinaandika 2. Kituo cha bondeni ambacho kilele chake cha kawaida ni milimita 40, kikapata 80, nacho kinaandika 2. Sasa wanazungumza lugha moja. Namba zote za mkoa zinamwagwa kwenye kapu moja, umbo la mkia linatafutwa kutoka humo, kisha kila kituo kinachukua umbo hilo la pamoja na kulizidisha kwa kiwango chake. Kila mmoja anachangia alichokiona, na aliyekuwa hajaona dhoruba anaazima kwa jirani aliyeiona.

Waliolikamilisha jambo hili ni Jonathan Hosking na James Wallis, watafiti wa kampuni ya IBM, katika kitabu chao cha mwaka 1997. Hosking alikwisha kubuni mwaka 1990 vipimo vya kitakwimu ambavyo havipandishi tofauti kwa mraba wala kwa mchemraba, na kwa hiyo namba moja kubwa haiburuzi nyingine zote. Zaidi ya hapo, wawili hao waliweka majaribio ya kuuliza kama vituo vilivyowekwa kapuni ni vya ukoo mmoja kweli, na kama kuna kimoja kinachosema habari tofauti na wenzake. Kwangu mimi hilo la majaribio ndilo kubwa kuliko yote. Kuazima kwa jirani kuna faida pale tu jirani anapopata mvua za aina ile ile.

Kulikuwa na mtego mwingine. Ukiwa na vipimamvua 500 vya miaka 20, ni rahisi kujidanganya kwamba una miaka 10,000 ya kumbukumbu. Hunayo. Dhoruba moja inapopita, vipimamvua 10 vinaweza kuipima kwa siku ile ile, na huo ni ushahidi mmoja ulioandikwa mara 10. Mwaka 1989 M. Y. Dales na Duncan Reed, wa taasisi ya haidrolojia ya Wallingford, walionyesha namna ya kukadiria ni vituo vingapi vilivyo huru kweli ndani ya kundi. Kazi hiyo iliingia katika mwongozo wa kukadiria mafuriko uliotolewa Uingereza mwaka 1999. Hata mwongozo huo haukumaliza ubishi: wahandisi wa mabwawa waligundua kwamba mvua yake ya miaka 10,000 mahali pengine ilizidi hata mvua ambayo wataalamu wa hali ya hewa walidhani ndiyo kubwa kuliko yote inayowezekana kimaumbile. Hesabu ilirudiwa.

Njia hizi hazikubaki Ulaya. Afrika Mashariki ilipata idara moja ya hali ya hewa mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter aliyetoka Mauritius. Kama Symons, idara hiyo iliwategemea wasomaji wengi wasio wataalamu: wenye mashamba ya mkonge na chai, wamisionari, makarani wa boma, wakuu wa stesheni za reli. Mvua za mwisho wa mwaka 1961, zilizofanya Ziwa Victoria lipande karibu mita 2 na nusu kufikia mwaka 1964, zilikuta vipimamvua hivyo vipo na vinasomwa.

Barabara nyingi zilikuwa zinajengwa wakati huo, na kila mto na korongo lilihitaji daraja au kalavati. Kalavati likiwa dogo, maji yanapita juu na barabara inakatika. Likiwa kubwa kupita kiasi, fedha za kilomita nyingine zimezikwa ardhini. Mwaka 1974 D. Fiddes, J. A. Forsgate na A. O. Grigg, wa maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, walichapisha ripoti ya kukadiria mvua kubwa za Afrika Mashariki kwa kutumia madaftari hayo. Waliwapa wahandisi ramani mbili: ya kwanza inaonyesha mvua ya siku moja yenye muda wa kurudia wa miaka 2, na ya pili inaonyesha uwiano kati ya mvua ya miaka 10 na hiyo ya miaka 2. Mhandisi aliye mahali ambapo hapajawahi kuwekwa kipimamvua angetafuta mahali pake kwenye ramani, angesoma namba mbili, na kazi ingeanza. Huo ni ujirani ule ule, uliochorwa kwa mistari. Bado ripoti hiyo na zilizoifuata hutajwa kwenye miongozo ya usanifu wa barabara za ukanda wetu.

Swali la Hosking na Wallis, je, ni ukoo mmoja, linaiuma sana pwani yetu. Kwa kawaida mvua kubwa za mwambao huletwa na masika na vuli. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuzamisha meli za Sultani Barghash, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, kimbunga kingine kiliingia Lindi. Mvua ya kimbunga haitoki kapu moja na mvua ya masika. Mtu mwenye daftari la Lindi la mwaka 1920 hadi 1950 angechora mstari wake ulionyooka vizuri, na mstari huo usingekuwa na habari yoyote ya kilichokuwa njiani. Huko mashariki zaidi, kisiwani Réunion, ambako vimbunga ni wageni wa kawaida, mahali paitwapo Foc-Foc palipimwa milimita 1,825 katika saa 24 tarehe 7 na 8 Januari 1966. Hakuna mahali pengine duniani palipopimwa zaidi ya hapo kwa muda huo. Bahari ni moja, Bahari ya Hindi, lakini hesabu ya Réunion huwezi kuihamishia Dar es Salaam, na ya Dar es Salaam huwezi kuihamishia Arusha.

Gumbel alifariki New York mwezi Septemba 1966. Rula yake iliendelea kutumika, na gharama ya kuiamini kupita kiasi ilionekana Venezuela. Desemba 1999 mvua iliangukia mwambao wa Vargas, chini ya milima inayotenganisha Caracas na bahari. Kituo cha uwanja wa ndege wa Maiquetía kilipima milimita 911 katika muda wa saa 52, na milimita 410 za siku moja, tarehe 16. Milima iliteremka pamoja na mawe yake juu ya miji iliyojengwa midomoni mwa makorongo. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 10,000 hadi 30,000. Baadaye watakwimu Stuart Coles na Luis Pericchi, huyu wa pili akiwa Mvenezuela, walilichukua daftari la Maiquetía la tangu 1951, ambalo halikuwa na siku hata moja iliyokaribia nusu ya milimita 410, wakauliza: kabla ya Desemba ile, hesabu ingesema nini? Njia ya Gumbel ilijibu kwamba mvua kama hiyo huja mara moja katika mamilioni ya miaka. Fomula ya Jenkinson, ikiachiwa namba yake ya tatu, ilijibu maelfu machache. Walipoingiza pia ukweli kwamba namba zenyewe hazijulikani kwa uhakika, jibu likashuka hadi mamia. Daftari lilikuwa moja na lile lile. Tofauti kati ya mamilioni na mamia ilitokana na mambo mawili: umbo la mkia na unyofu wa kukiri usichokijua.

Baada ya hapo ushahidi ulikusanyika kwa wingi. Demetris Koutsoyiannis wa Athens alichunguza vituo 169 vyenye kumbukumbu za miaka 100 na zaidi, akatoa matokeo mwaka 2004. Mwaka 2013 yeye na Simon Papalexiou walipitia vituo zaidi ya 15,000 vya dunia nzima. Walihitimisha kwamba mvua ya siku moja kwa kawaida inafuata ile namna ya pili ya mwaka 1928, yenye mkia mzito. Maana yake kwa mhandisi ni kwamba mstari ulionyooka, kwa jumla, hudharau mvua kubwa. Tena walionyesha kwamba kadiri daftari linavyokuwa fupi, ndivyo mkia unavyoonekana mwepesi kuliko ulivyo. Kituo kimoja kikiachwa peke yake huelekea kukutuliza moyo.

Sasa hewa yenyewe inabadilika. Kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na dhoruba ina maji mengi zaidi ya kuangusha. Mwaka 2008 kundi la wanahaidrolojia liliandika katika jarida la Science kwamba ile dhana ya kuwa kesho itafanana na jana imekufa. Nakubaliana nao, ila nakataa hitimisho ambalo wengine wamelitoa, kwamba basi madaftari ya zamani hayana kazi. Huwezi kujua kama mvua imeongezeka kama hujui ilikuwa kiasi gani.

Na hapa kwetu madaftari hayo yako hatarini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara ile moja iligawanyika. Mashamba ya mkonge yalifungwa, stesheni zilipoteza wakuu wake, na vituo vingi vya kujitolea vikanyamaza. Vituo vilivyobaki vinaelemewa na eneo kubwa mno, na ramani za 1974 zimeendelea kufanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na kumbukumbu za miaka 50 iliyofuata.

Kama uko misheni, shuleni, kwenye kampuni ya chai au ya sukari, au ofisi ya wilaya, na kuna kabati lenye madaftari ya mvua ya zamani, yatoe. Piga picha kila ukurasa kwa simu, pamoja na jalada lenye jina la kituo. Andika kama vipimo ni vya inchi au milimita, kwa kuwa mengi ya zamani ni ya inchi, na inchi 1 ni milimita 25.4. Peleka nakala kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au kwa idara ya hali ya hewa ya Kenya, Uganda au popote ulipo. Usiruke kurasa zenye sufuri. Wala usisahihishe namba yoyote kwa kuona kwamba ni kubwa mno kuaminika, kwa maana hiyo ndiyo inayotafutwa kuliko zote.